Msimamizi anataka niwafute kina mama ambao mashine haisomi vidole vyao

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa Newala. Nasoma shahada ya uzamili ya mifumo ya kompyuta katika chuo kimoja nje ya mkoa wetu, na sasa niko kwenye tasnifu. Mada yangu ni mfumo wa simu wa kumtambua mkulima wa korosho kwa alama ya kidole anapofikisha mzigo kwenye chama cha msingi, ili jina, kilo na daraja viingie moja kwa moja bila karani kuandika kwa mkono. Wazo lilikuwa la msimamizi wangu. Nami nililipenda, kwa kuwa tangu utotoni nasikia ugomvi wa majina yaliyokosewa na malipo yaliyoingia kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Nimekusanya alama katika vijiji vya wilayani kwetu na katika mtaa mmoja wa Mtwara mjini ambako kina mama hubangua korosho kwa mkono. Wengi wao wana mikorosho yao pia na ni wanachama wa ushirika. Kwa vijana na makarani mashine ilisoma bila shida. Kwa wazee ilisumbua. Kwa wabanguaji ikawa balaa: mama anaweka kidole, taa nyekundu; anafuta kwenye kanga, anaweka tena, nyekundu; tunazunguka vidole vyote kumi. Mmoja alicheka akasema, "Mwanangu, vidole vyangu vimeshaliwa na korosho." Wengine hawakucheka. Yupo aliyeniuliza kama atafutwa uanachama kwa sababu mashine imemkataa.

Nilipopeleka matokeo, msimamizi alisema niwaondoe wote ambao alama zao hazikusomeka. Kwake hiyo ni data chafu, na bila hao usahihi wa mfumo unafika kiwango cha kuchapisha makala. Nikajaribu kumweleza kwamba hao ndio walengwa. Akanijibu kuwa mambo ya utu na maadili niwaachie watu wa sosholojia. Mimi ni mhandisi, nimalize mfumo. Si mtu mbaya, Mwalimu. Ndiye aliyehangaika nikapata nauli ya kwenda vijijini.

Kuna jambo la pili. Kampuni iliyotuazima mashine inaomba nakala ya alama zote tulizokusanya. Msimamizi anasema ni kawaida, tuwape. Fomu yangu ya ridhaa inasema taarifa ni za utafiti wa chuo tu.

Wenzangu wananiambia nifute nimalize, tasnifu zenyewe nani anazisoma. Je, nibadili msimamizi?

Binti wa Newala

*

Marahaba binti yangu.

Usiwafute. Sababu ya kwanza ni ya hesabu, huruma itafuata, na nakupa hesabu kwanza kwa kuwa ndiyo lugha ambayo msimamizi wako ataisikia.

Tuseme umepima watu 100. Mashine imeshindwa kabisa kuwaandikisha 20. Kati ya 80 waliobaki imewatambua 78. Ukiwafuta wale 20 utaandika usahihi wa asilimia 97.5 na watahini watakupongeza. Ukiwaacha, mfumo wako umewahudumia watu 78 kati ya 100. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako uone. Mkulima aliyepanga foleni na magunia yake ghalani anahesabiwa kwenye ile 100, hata kama wewe umemtoa kwenye jedwali.

Hili si jambo ninalolibuni mimi. Fani yenu ina kiwango cha kimataifa cha kupima mifumo ya aina hii, ISO/IEC 19795-1, kilichotolewa mara ya kwanza 2006. Humo kushindwa kumwandikisha mtu ni kipimo kinachosimama peke yake, mbali na kumkataa aliyekwisha kuandikishwa na mbali na kumchanganya na mtu mwingine. Aliyeripoti usahihi akaacha hicho ameripoti nusu ya jaribio. Kwa hiyo ukienda kwa msimamizi, nenda na kiwango hicho mkononi. Mwambie unataka kuongeza safu moja kwenye jedwali la matokeo, kama kiwango kinavyoelekeza. Utaona sauti yake inavyobadilika.

Nisimwonee: data chafu ipo. Kioo cha mashine kikiwa na vumbi, mtu mmoja akiandikishwa mara mbili, betri ikizimika katikati ya kazi, ondoa, kisha andika umeondoa nini na kwa nini. Kidole cha mbanguaji hakimo humo. Ganda la korosho lina mafuta yenye tindikali inayochoma ngozi, ndiyo maana kina mama hujipaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kukaa kazini. Fanya kazi hiyo miaka na miaka, mistari ya kidole inalika. Ulichokutana nacho pale mtaani ni matokeo ya utafiti: mfumo uliobuniwa kwa ajili ya zao la korosho unawashindwa watu walioishika korosho kuliko wote. Nimesoma tasnifu nyingi zisizo na sentensi moja yenye uzito huo, na wewe unaambiwa uifute.

Ila usiishie hapo, maana mtahini mkali atakubana. Rudi ukawapime tena baada ya kunawa na kukausha mikono. Tumia mashine ya aina nyingine kama utaipata. Zipo zinazopiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kusoma hata chini ya ngozi ya juu, ingawa bei yake si ya chama cha msingi. Halafu gawa matokeo kwa makundi: umri, jinsia, na kazi ya mikono ambayo mtu ameifanya kwa miaka. Wastani wa watu wote ukiuweka peke yake utakuficha tofauti hizo.

Mfano wa hilo unao ndani ya fani yako, na ni wa mwanafunzi kama wewe. Joy Buolamwini alikuwa akisoma shahada ya uzamili pale MIT, Marekani, chini ya usimamizi wa Ethan Zuckerman. Alikuwa amekutana na programu ya kutambua nyuso ambayo haikuuona uso wake mweusi mpaka alipovaa kinyago cheupe. Badala ya kuhesabu uso wake kuwa data chafu, akaufanya swali la utafiti. Mwaka 2018 yeye na Timnit Gebru walichapisha makala iliyopima programu za kampuni kubwa zinazokisia jinsia ya mtu kwa picha. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika hadi asilimia 34.7. Kwa wastani wa jumla programu zilezile zilionekana nzuri tu. Msimamizi wako anataka makala inayochapishika, sivyo? Muulize ipi kati ya hizi mbili ingechapishika: ile ya 2018, au nyingine iliyosema programu zinafanya kazi vizuri kwa wale zinaofanya nao kazi vizuri.

Hata hapa nyumbani tulishaonja. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ule uliofikia ukomo 20 Januari 2020, wapo wazee waliorudishwa dukani mara kadhaa kwa sababu ya vidole vilivyosuguliwa na mpini wa jembe. Kule India, namba ya utambulisho ya Aadhaar, iliyoanza kutolewa 2010, ilipofungamanishwa na mgao wa chakula, zikaja taarifa za vibarua waliokosa mgao kwa sababu mashine haikusoma vidole vyao. Laini ya simu ukiikosa utaazima ya mwanao. Korosho ikikataliwa ghalani msimu wa mnada, mkulima atakwenda wapi? Atakwenda kwa mnunuzi wa kangomba, yule wa magendo nje ya ushirika, ambaye hana haja ya kidole chako wala stakabadhi.

Sasa hili la kuwaachia watu wa sosholojia. Mwulize msimamizi kwa adabu kama anamkumbuka Kristen Nygaard. Atamkumbuka, kwa kuwa yeye na Ole-Johan Dahl ndio waliobuni lugha ya Simula mjini Oslo miaka ya 1960, na lugha nyingi mnazoandikia programu leo zimerithi kutoka Simula. Walipewa Tuzo ya Turing ya 2001, tuzo kuu ya fani ya kompyuta, kwa kazi hiyo. Nygaard huyohuyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alifanya utafiti pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma Norway, ili mafundi wenyewe waielewe kompyuta inayoletwa kiwandani mwao na wawe na neno juu ya namna itakavyotumika. Kwa hiyo kumweka mtumiaji mezani ni urithi wa wahandisi wenyewe. (Ushirikishwaji wa siku hizi, wa semina, posho na chupa ya maji, ni jambo jingine, na mimi siutetei.)

Nikishataja mafundi wa Norway, nina swali kwako, binti yangu, na hili si la msimamizi peke yake. Nani aliomba mashine ya vidole? Barua yako inasema wazo lilikuwa la msimamizi na wewe ukalipenda. Haisemi mkulima hata mmoja alilitaka. Umetaja ugomvi wa majina kukosewa na malipo kupotea njia. Sawa, lakini kosa hilo huingilia wapi? Huenda ni karani aliyeandika jina la ukoo kabla ya jina la mtu. Huenda ni namba ya akaunti iliyonakiliwa gizani usiku wa kupokea mzigo. Huenda mwenye malalamiko hana shida na jina kabisa. Shida yake ni mzani, au korosho yake kupangwa daraja la pili wakati yeye anaamini ni la kwanza, au makato asiyoyaelewa. Kidole hakitibu hata kimoja kati ya hivyo. Kinathibitisha tu kwamba aliyekuja ni yeye, na kwenye chama cha kijiji ambako karani ni mtoto wa jirani, hilo mara nyingi linajulikana tangu anapotokea kwenye kona na baiskeli yake.

Kaa nao. Usiende na mashine safari hii. Mwombe karani akuonyeshe mzigo mmoja unavyotembea kutoka mzani hadi stakabadhi hadi pesa kuingia benki, kisha mwulize mkulima akueleze safari hiyohiyo. Pale maelezo yao yanapoachana ndipo mfumo wako unapohitajika. Unaweza kugundua kwamba kinachotakiwa ni ujumbe mfupi unaofika kwenye simu ya mkulima mzigo ukiwa bado juu ya mzani, wenye kilo na daraja, ili abishe palepale. Kidole kikibaki, kibaki kama njia mojawapo, na pembeni yake kuwe na kadi au namba au shahidi anayemfahamu mtu, yenye hadhi ileile, isiyomlazimisha mama kusimama pembeni akingoja bosi. Hicho ndicho wanachokiita teknolojia inayomweka mtu mbele. Na yule aliyekuuliza kama atafutwa uanachama, umpelekee jibu kabla ya mtahini yeyote. Mwambie jaribio lako halina mamlaka yoyote juu ya daftari la chama, na mwambie mbele ya karani.

Nimechelewa kufika kwenye kampuni, na kwa hilo sina maneno mengi. Hapana. Usiwape.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka alama za mwili kama vidole katika kundi la taarifa nyeti. Kwa kawaida taarifa hizo hazishughulikiwi bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, iliyotolewa kabla. Ridhaa hiyo anaweza kuiondoa, na taarifa zinatumika kwa kusudi alilotajiwa. Fomu yako imetaja utafiti wa chuo. Kampuni si chuo. Wakizitaka kweli, waandike wazitakie nini, watazihifadhi wapi na kwa muda gani, kamati ya maadili ya chuo ipitie, kisha kila mtu aulizwe upya na awe huru kukataa. Kidole si neno la siri. Kikivuja, mtu hawezi kubadili kingine. Kuazimwa mashine ni fadhila, na fadhila hurudishwa kwa barua ya shukrani na nakala ya tasnifu.

Barua yako haisemi ridhaa uliipataje, kwa hiyo naligusa. Najua njia ya vibali ilivyo: barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inafika kwa mtendaji wa kijiji, naye anaitisha watu chini ya mwembe. Mpaka hapo umeruhusiwa kuingia kijijini, basi. Mtendaji hawezi kukubali kwa niaba ya kidole cha mtu mwingine, na mama aliyeitwa na mtendaji ni vigumu kumkatalia mgeni wa mtendaji. Muulize akiwa peke yake, kwa Kimakonde kama ndicho kinachomkaa vizuri, na umwache alale nalo hadi kesho. Asiyejua kuandika huwa tunampa wino aweke dole gumba kwenye fomu. Kwa wabanguaji wako hata hilo litatoka doa tupu, basi tafuta shahidi ambaye mama mwenyewe amemchagua.

Tuje kwa msimamizi. Umeuliza kama umbadili. Kwa hili la data, bado. Msimamizi aliyekuhangaikia nauli ni mtu unayeweza kuzungumza naye. Wahadhiri wengi wanabeba wanafunzi kuliko inavyostahili, wanapandishwa vyeo kwa makala, na hawakufundishwa maadili ya utafiti isipokuwa kama fomu ya kujaza mwishoni. Anaposema "data chafu" inawezekana ndivyo naye alivyoambiwa na msimamizi wake. Usimwendee na neno maadili mdomoni, atasikia unamwita mkosefu. Nenda na ukurasa mmoja: jedwali likiwa na wote, jedwali likiwa bila wabanguaji, kiwango cha ISO, na kichwa kipya cha makala unachopendekeza, jina lake likiwemo. Omba nusu saa. Mwache aseme kwanza. Mkimaliza, mwandikie barua pepe siku hiyohiyo: "Nashukuru kwa kikao, nimeelewa tumekubaliana moja, mbili, tatu." Barua hiyo ni ya heshima, na pia ni kumbukumbu.

Akikataa katakata, unaye msimamizi wa pili, hata kama hujawahi kumwona zaidi ya kwenye karatasi. Mpelekee ukurasa uleule. Baada yake yupo mratibu wa shahada za uzamili wa idara. Penye wazee haliharibiki neno, mradi uwapitie kwa ngazi na usianze kwa mkuu wa chuo. Lakini la kampuni lina njia yake: hilo likishinikizwa hata mara moja zaidi, nenda moja kwa moja kwenye kamati ya maadili iliyopitisha pendekezo lako, kwa maandishi, bila kungoja ngazi. Na alama zenyewe zisikae kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na kila mtu. Zifunge kwa nenosiri, majina yawe faili moja na alama faili nyingine, na mashine za watu zirudi kwao zikiwa tupu.

Ukifika mahali unaambiwa uchague kati ya saini yake na kuwafuta watu, hapo badilisha. Itakuchelewesha muhula, pengine na ada juu yake, sikufichi. Uulize kwanza idarani utaratibu wa kubadili ukoje na nani ana nafasi, usije ukaachwa katikati.

Wenzako wanaosema tasnifu hazisomwi wasubiri. Mfumo wa namna yako ukinunuliwa na mtu, atakachokisoma ni ile asilimia tu, na ataipeleka ghalani.

Minada ya korosho huanza Oktoba, na msimu ukichanganya hakuna karani atakayekuwa na muda wa kukuonyesha safari ya mzigo. Panga uende kabla, wakati watu bado wanapalilia na kupuliza salfa. Ile fomu mpya ya ridhaa ukiiandika, nitumie niipitie kabla hujaitoa nakala. Nitakujibu nje ya safu hii.